Corolla 110 inachemsha ikisimama foleni, ikitembea inapoa. Nishushe hedi?

Binti_Segerea

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela nyingine.

Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, otomatiki, niliachiwa na marehemu baba. Kila asubuhi natoka nayo Segerea kwenda Kariakoo. Njia yote ya Tabata mshale wa joto unakaa katikati, umetulia. Nikifika mataa ya Buguruni foleni ikasimama, mshale unaanza kupanda taratibu mpaka karibu na H. Tukiachiwa, nikitembea hata kidogo tu, unashuka wenyewe. Usiku barabara ikiwa nyeupe haupandi kabisa.

Mpaka sasa rejeta imetolewa ikazibuliwa, pampu ya maji imewekwa mpya, na themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, imetolewa kabisa, nikaambiwa nchi ya joto haina kazi. Feni ya zamani ilikufa, nikafungiwa ya mtumba, nayo inazunguka, naiona kwa macho yangu. Maji hayapungui.

Sasa fundi anasema ni gasketi ya silinda hedi, yaani ya kile kichwa cha juu cha injini, hedi ishushwe ikakwanguliwe. Bei aliyonitajia inazidi mshahara wangu. Hii gari siyo ya kuuza, nataka ipone. Nikubali?

Kijana_wa_Spea

Dada hiyo gasketi tu. 110 zikishachemka mara kadhaa hedi inapinda. Chukua full set ya gasketi mapema bei hazijapanda.

Dereva_Kitonga

Dada subiri kwanza. Mimi napandisha mlima Kitonga kila mara, na magari yenye gasketi mbovu nayaona yamefunguliwa boneti pale mlimani, hayasubiri mataa ya Buguruni. Hebu jibu hili: ukienda safari ndefu au ukipanda mlima, mshale unafanyaje?

Binti_Segerea

Kaka, niliipeleka Morogoro kwenye msiba, haikusumbua hata kidogo. Ilisumbua Kibaha tu wakati wa kutoka, tuliposimamishwa muda mrefu.

Fundi_Msamvu

Marahaba mwanangu. Pole kwa baba, na pole kwa gharama ulizoingia.

Hedi isiguswe. Maelezo yako yenyewe yanaikatalia gasketi. Gasketi iliyoungua inaingiza moshi wa silinda kwenye maji, na kadiri injini inavyofanya kazi nzito ndivyo inavyozidi. Ungerudi Morogoro kwa kuvutwa. Ungeona pia maji yanapungua bila kuvuja popote, mipira ya rejeta inakakamaa mapema wakati injini bado haijapata moto, mapovu yasiyokoma ukiwasha asubuhi kifuniko kikiwa wazi, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hujataja hata kimoja.

Gari linalopanda joto likisimama na kushuka likitembea lina shida ya upepo. Likiwa kwenye mwendo, upepo unaingia wenyewe kwenye shoo, ule wavu wa mbele ya gari, na kupita kwenye rejeta. Likisimama, upepo pekee lililonao ni wa feni. Rejeta ikiziba au pampu ikichoka, utateseka zaidi kwenye mlima na kwenye mwendo mkubwa, kwa sababu hapo ndipo injini inatoa joto jingi. Wewe safari ndefu na mwendo umepita salama, kwa hiyo maji yanazunguka vizuri. Inaniuma kwamba ulilipia pampu na rejeta kabla mtu hajachukua karatasi moja kupima upepo.

Sasa feni. Umesema inazunguka, naamini. Lakini je, inavuta? Kwenye 110 feni iko nyuma ya rejeta, upande wa injini, na kazi yake ni kuvuta hewa ya nje ipite kwenye rejeta ije ndani. Mota yake ni ya umeme wa betri, waya mbili. Ukizigeuza hizo waya haikatai na wala haiunguzi fyuzi, inazunguka kinyume. Mapanga yanaanza kusukuma hewa ya moto ya injini mbele, inapita kwenye rejeta kuelekea nje. Ukiwa kwenye mwendo upepo wa barabarani unaishinda nguvu, joto linashuka. Ukisimama, rejeta inapulizwa na joto la injini yenyewe.

Na umeandika kwamba ni ya mtumba. Feni za mtumba pale Gerezani nyingi zinauzwa zimekatwa waya, soketi imebaki kwenye gari ilikotolewa. Anayefunga anaunga waya kwa kufuata rangi, na rangi za mota ya gari jingine si lazima zilingane na zako.

Pima hivi. Acha injini ikiwa sailensa, bila kukanyaga mafuta, joto lipande mpaka feni iwake. Funga boneti, simama mbele, weka karatasi ya daftari kwenye shoo usawa wa feni. Ikinata, feni inavuta. Ikirushwa kwako, umepata mchawi. Mikono, kanga na mtandio viwe mbali na feni, na kifuniko cha rejeta usikiguse gari likiwa la moto. Maji yaliyofungiwa humo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua tu yanalipuka usoni. Nimeona mtu ameunguzwa shingo hivyo, sitaki yakukute.

Ikinata kwa unyonge, angalia mota. Kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota zikiisha feni inazunguka kivivu, nyingine mpaka uisukume ndiyo ianze. Angalia kava la plastiki linalozunguka feni kama lipo na halijavunjika, maana bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni tu na kuiacha rejeta. Halafu chungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta. Rejeta ikizibuliwa ndani, wengi husahau vumbi na wadudu waliojaa hapo nje.

Na kama siku moja feni haitawaka kabisa, usikubali kuungiwa dairekti, izunguke muda wote, kabla ya kipimo hiki. Corolla nyingi za miaka ya 1990 swichi ya feni inafanya kazi tofauti na watu wanavyodhani. Maji yakiwa ya baridi inakuwa imefunga, yaani imeunganisha umeme, yakizidi nyuzi 93 inaachia na feni inawaka, yakishuka chini ya 83 inafunga tena na feni inazima. Walifanya hivyo kwa akili sana, waya wa hiyo swichi ukikatika feni inazunguka muda wote na injini inapona. Basi injini ikiwa ya baridi, fungua swichi ya gari bila kupiga stata, chomoa soketi ya hiyo swichi ya feni. Feni ikizunguka, mota, rilei (kiswichi kinachopitisha umeme wa feni) na fyuzi ni nzima, badilisha swichi. Isipozunguka, anza na fyuzi iliyoandikwa RDI FAN, kisha rilei, kisha mota.

Leta majibu ya karatasi.

Binti_Segerea

Fundi, karatasi imerushwa! Nimerudia na mdogo wangu akiwa ndani ya gari, ikarushwa tena. Nikaweka mkono mbele ya shoo, hewa inayotoka ni ya moto kama pasi.

Nimempelekea fundi umeme wa hapa mtaani, nikamwonyesha maelezo yako kwenye simu. Akacheka, akakata ule muungo, akageuza waya, akafunga soketi vizuri. Tukaiacha inanguruma uani, AC imezimwa, mpaka feni imewaka na kuzima yenyewe mara kadhaa. Mshale haukutoka katikati. Karatasi sasa inanata hata nikiiachia.

Leo asubuhi Buguruni tumekaa sana, haikupanda. Sijui nikushukuruje. Yule wa hedi nimemwambia asante.

Dereva_Kitonga

Fundi heshima kwako. Naongezea kwa wenye Mark II GX100 na pikapu za injini ya kulala kwa urefu: feni zenu nyingi hazina mota, zinazungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Dalili ni hizi hizi, ikisimama inapanda, ikitembea inashuka. Injini ikiwa ya moto, izimeni, mtoe ufunguo, mzungushe feni kwa mkono. Ikizunguka kirahisi bila kukinza, klachi imeisha.

Binti_Segerea

Samahani fundi, swali la mwisho. Themostati niirudishe au niiache hivi hivi kwa kuwa imeshapoa? Na maji natumia ya kisima cha nyumbani.

Fundi_Msamvu

Nimefurahi mno mwanangu.

Themostati irudi. Hoja ya nchi ya joto nimeisikia tangu naanza kazi na siikubali. Injini ya 5A inataka maji yafike nyuzi 80 na kitu ndipo themostati ianze kufungua, siyo kabla. Bila hiyo injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi, na wewe unaona gari linakula mafuta usijue kwa nini. Tena themostati ya injini hii ina kisahani cha pili nyuma kinachoziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Vitabu vya ufundi vya Toyota vya injini nyingi za wakati huo vinakataza kuitoa hata kama gari linachemsha.

Nunua mpya, hii usichukue ya mtumba. Ina kipini kidogo kinacholegea cha kupitishia hewa, kikae juu wakati wa kufunga. Oringi yake iwe mpya.

Maji ya kisima acha. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na hedi yako ni ya aluminiamu, itatafunwa kidogo kidogo. Mwaga yote, suuza, weka kulanti (maji maalumu ya rejeta) ya kudumu, na kama ni ya kuchanganya tumia maji yasiyo na chumvi kama yale ya betri. Wakati wa kujaza fungua hita mpaka mwisho wa moto, kifuniko kiwe wazi tangu injini ikiwa ya baridi, acha inanguruma uendelee kuongeza mpaka mapovu yakome. Ukifunga mapema hewa inabaki ndani, na mshale utaanza kukutisha upya bila sababu.

Kifuniko chenyewe nacho kitazame mpira wake. Ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu, nunua kingine chenye namba ileile iliyoandikwa juu yake.