Lenzi za rangi machoni: zinamsaidia mchezaji kuuona mpira?

Wadau wa michezo, naomba hili tulijadili kwa kina, maana kila likitajwa linaishia kwenye ushabiki. Kuna wanaosema lenzi za rangi za kuvaa machoni humfanya mchezaji auone mpira kama vile umepunguza mwendo. Kuna wanaosema ni urembo na biashara tu. Msimamo wangu ni huu: dhidi ya jua kali zinasaidia, na msaada huo ni wa kweli. Lakini kuuona mpira ni jambo moja na kuupiga ni jambo jingine, na kwa kijana wa kwetu kuna mengi machoni pake yanayotakiwa kutangulia kabla ya hizo.

Lenzi zilizoanzisha gumzo hili ni MaxSight, zilizotolewa mwaka 2005 na Nike pamoja na Bausch & Lomb. Nyuma yake alikuwepo Alan Reichow, mtaalamu wa macho ya wanamichezo aliyefundisha Pacific University, jimbo la Oregon, Marekani. Zilikuwa za aina mbili: za rangi ya kaharabu, yaani kama asali, kwa michezo ya mpira unaokwenda kasi, kama besiboli na tenisi, na za kijivu-kijani kwa gofu na mbio. Aliyevaa za kaharabu alionekana ana macho mekundu, na nadhani sura hiyo ilizitangaza kuliko sayansi yake.

Sayansi yenyewe si uganga. Mwanga wa buluu ndio unaotawanyika zaidi angani, ndiyo maana anga ni buluu. Ukiuchuja kabla haujaingia jichoni, anga hufifia na mpira mweupe unajitokeza juu yake. Tena lenzi imekaa juu ya jicho lenyewe: haiingizi mwanga wa pembeni, haipati ukungu wa jasho, haidondoki unaporuka kupiga kichwa. Kwa mchezaji wa soka asiyeweza kuvaa miwani ya jua hilo si dogo.

Na ushahidi upo. Mwaka 2009 Graham Erickson na wenzake walichapisha utafiti waliowapima watu nje, kwenye jua halisi. Waliovaa lenzi za rangi walitambua vizuri zaidi vitu visivyojitokeza sana juu ya kilicho nyuma yake, macho yao yaliwahi kuzoea walipohamisha kuona kutoka juani kwenda kivulini, na walizipendelea kuliko lenzi zisizo na rangi. Anayesema hizi lenzi ni bure kabisa inabidi ajibu hilo.

Sasa niwageukie wanaozitetea. Kwanza, utafiti huo ulitoka chuo kilekile cha Reichow. Sisemi umepikwa, nasema tuupe uzito wake na tusiongeze. Pili, aliyevaa lenzi ya kaharabu anajua amevaa, kwa sababu dunia nzima imegeuka rangi ya asali. Huwezi kumpa mtu dawa ya majaribio asijue ni ipi wakati anaiona. Mchezaji akiamini anaona vizuri anaingia uwanjani na kifua mbele, na hapo kutenganisha kazi ya lenzi na kazi ya imani ni shughuli pevu. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, kilichopimwa ni kuona. Mipigo haikuhesabiwa.

Kwenye besiboli, mrushaji amesimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kasi unafika kwa takriban sekunde 0.4. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuufuata mpira huo hadi unagusa gongo. Mpigaji anasoma mkono wa mrushaji, anakisia mpira utapita wapi, anaamua. Michael Land na Peter McLeod walilionyesha hili kwa wapigaji wa kriketi mwaka 2000: macho yao hayaufuati mpira njia nzima, yanaruka mbele na kuusubiri pale utakapodunda. Aliye bora anaruka mapema zaidi.

Kuna jaribio jingine ambalo kila mtetezi wa lenzi za rangi anapaswa kulijua. Mwaka 2007, David Mann na wenzake huko Australia waliwavisha wapigaji wa kriketi lenzi za kuwaharibia macho kwa makusudi: za nguvu ya +1, kisha +2, kisha +3, namba ikipanda ukungu unazidi. Mipira ilirushwa na mashine. Upigaji wao haukushuka kwa kiwango cha maana mpaka walipofika +3, ukungu ambao mtu akiwa nao haoni vizuri hata sura ya aliye ng'ambo ya barabara. Baadaye, kwa warushaji halisi wa kasi zaidi, ukungu mdogo kuliko huo ulitosha kuwaathiri, lakini funzo linabaki. Kama ukungu wa +1 haumwangushi mpigaji hodari, basi kunoa kidogo rangi ya mpira kutampandisha kiasi gani?

Najua mtanirukia hapa: kama ni hivyo, basi hata miwani haina kazi, mbona unasema macho yapimwe? Jibu langu ni kwamba wale walikuwa watu wazima waliokwisha kujifunza mchezo wakiwa na macho mazuri. Akili zao zilikuwa na akiba ya maelfu ya mipira. Mtoto wa miaka kumi anayeona ukungu tangu mwanzo, hiyo akiba ataipata wapi? Yeye anajifunza kuusoma mkono ambao hauoni.

Kwa upande mwingine, rangi ina nguvu uwanjani, na mashabiki wa Manchester United wanalijua hili kwa uchungu. Tarehe 13 Aprili 1996, uwanja wa The Dell, Southampton walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0. United walikuwa wamevaa jezi za kijivu, na Alex Ferguson akaamuru zibadilishwe kwa sababu wachezaji wake hawakuwa wanaonana vizuri dhidi ya watazamaji. Kipindi cha pili, wakiwa na buluu na nyeupe, walifunga moja bila kufungwa. Mechi moja haithibitishi kitu, na pengine vijana walikuwa wamekaripiwa ipasavyo vyumbani. Lakini angalieni dawa aliyotumia kocha: alibadilisha kinachotazamwa, hakugusa macho ya mtu.

Na hiyo ndiyo njia ambayo michezo imeifuata kila tatizo la kuona lilipokuwa la kweli. Agosti 1920, jijini New York, Ray Chapman, mchezaji wa besiboli wa Cleveland, alipigwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays, akafariki kesho yake. Mipira ya enzi hizo ilitumika hadi inakuwa myeusi kwa udongo na tumbaku. Baada ya hapo waamuzi walitakiwa kuitoa mipira michafu na kuleta mipya. Tenisi iliruhusu mpira wa manjano mwaka 1972, kwa ajili ya watazamaji wa televisheni ya rangi, ingawa Wimbledon waling'ang'ania mweupe hadi 1986. Kriketi ililetewa mpira wa waridi kwa mechi za Test (zile za kimataifa za siku kadhaa) za usiku, ya kwanza ikiwa Adelaide mwaka 2015. Mpira ukibadilishwa, anafaidika tajiri na maskini. Lenzi inamfaidi aliyeinunua tu.

Wapo wanaoachwa nje hata hivyo. Matthew Wade, mchezaji wa kriketi wa Australia, ambaye hatofautishi baadhi ya rangi, alisema wazi kwamba mpira ule wa waridi unamsumbua. Kwa mtu kama yeye niko tayari kusikiliza hoja ya lenzi ya rangi, mradi amepimwa na mtaalamu na ameambiwa kwamba lenzi haitamrudishia rangi asizoziona.

Kinachonikera ni haya mambo yalivyofika kwetu. Lenzi za rangi zinauzwa madukani pamoja na kope za bandia, bila kupimwa, na sasa vijana wameanza kuambiana kwamba ya manjano inasaidia golikipa. Jamani, hiyo ni lenzi ya urembo. Haikutengenezwa kuchuja mwanga wowote, na nyingi zina rangi pembeni tu huku katikati, unapoonea, pako wazi. Mtu anaivaa kwenye uwanja wa vumbi, anaisuuza kwa maji ya bomba, anaazimana na mwenzake, analala nayo. Maji ya bomba yanaweza kuwa na vijidudu viitwavyo akanthamiba vinavyokula konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kidonda cha konea kinaweza kuacha kovu la maisha. Marekani, mwaka uleule wa 2005, ilipitisha sheria kwamba kila lenzi ya machoni, hata ya urembo, ni kifaa tiba kinachohitaji cheti cha mtaalamu.

Wakati huohuo akademi zetu zinapima mbio, magoti na urefu. Macho nani anapima? Edgar Davids, kiungo wa Uholanzi, aliendelea kucheza katika kiwango cha juu kabisa akiwa na miwani maalumu, baada ya upasuaji wa presha ya macho mwaka 1999, na hakuna aliyemwona dhaifu. Hapa kwetu mtoto akivaa miwani anaitwa bibi, anaivua, anarudi uwanjani na ukungu wake.

Kwa hiyo naomba makocha na walimu wa michezo mlio humu mjibu haya. Mlipomsajili kijana wa mwisho, mlimpima macho kabla ya kumpima miguu? Na kwa wale mnaotetea lenzi za rangi: kama klabu ya daraja la kwanza ina fedha za kununua jozi kumi tu, mngezinunua, au mngemlipa mtaalamu aje uwanjani na ubao wake wa herufi awapime timu nzima pamoja na watoto wa mtaa? Nataka kusikia hesabu zenu.