Karakana ndogo ya samani Lamu: arubuni, mbao na bei mnazipangaje?

Kijana wa Langoni:
Asalaam aleikum. Ami yangu amepumzika useremala na ameniachia banda lake: meza mbili za kazi, randa za mkono, patasi za kila upana na mashine moja ya kupasulia. Kazi naijua, nimekaa naye tangu nimalize shule. Kuendesha ndiko nisikokujua. Mwenye nyumba ya wageni Shela anataka vitanda vinne na kabati la nguo, vyote vya mvule, na anauliza nitamaliza lini na atoe kiasi gani kwanza. Nyinyi mnachukua arubuni ngapi? Mbao mnaweka akiba au mnanunua kazi ikija? Na bei mnaifikiaje? Ami alikuwa akikisia kwa macho, lakini wateja wake walikuwa majirani.

Fundi Mkomani:
Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na mbao, maana karakana nyingi za kwetu zinafia hapo. Mvule unavuka kutoka bara: unafika Mokowe, unapakiwa chomboni, ukishuka huku ni punda au hamali mpaka mlangoni kwako. Kila anayeushika analipwa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, waliopumua ni wale waliokuwa na akiba ya mbao kavu. Kwa hiyo kila ukipata faida, nunua mbao mbili tatu uweke.

Na kuziweka ni kazi. Zipange kivulini, zisiguse ardhi, utie vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao, vijiti vyenyewe vifuate mstari mmoja toka chini hadi juu, la sivyo mbao zitapinda. Ncha zipake rangi nzito zisipasuke. Kisia mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Ukitaka uhakika, kata kipande ukipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka. Mbao mbichi ukiiunga wakati wa masika, kaskazi ikivuma ulimi, ile ncha ya ubao inayoingizwa kwenye tundu la mwenzake, unachezacheza na mlango wa kabati haufungi tena.

Arubuni nachukua nusu. Robo naipokea mteja akija kutazama kazi kabla haijapakwa vanishi, maungio yote yakiwa bado yanaonekana. Robo ya mwisho, kazi ikishushwa kwake. Lakini sikiza vizuri: ile nusu ya kwanza ni mbao, gundi, skrubu na nauli ya chombo. Si ya chakula cha nyumbani, wala si ya kazi ya mtu mwingine. Kila kazi naipa bahasha yake. Nimewaona mafundi hodari kunishinda mimi wakifunga mabanda, kwa sababu arubuni ya huyu ilinunua mbao za yule, yule naye akakawia kulipa, wote wakaja kudai wiki moja.

Kabla hujakata chochote, nenda Shela ukapime. Chumba utapima, ila kazi kubwa ni ngazi na kona zake. Ngazi za nyumba za mawe ni nyembamba na zinageuka ghafla, kabati lililokwisha kuungwa halipandi. Lifanye la kufunguka, ubavu na ubavu ushikwe kwa ulimi na kabari, bila gundi. Vitanda vivyo hivyo. Chora, andika vipimo na aina ya mbao, andika nani analipa chombo, naye atie sahihi.

Bi Hesabu, Malindi:
Mimi nashika daftari la karakana ya mume wangu. Kwa mvule sisi tunachukua asilimia 60, nusu haitoshi, mbao peke yake inameza zaidi ya hapo. Ukihesabu mbao, ongeza robo kwa nyufa, vifundo na vipande vinavyotupwa. Halafu usisahau banda lenyewe. Tuseme kodi, umeme, msasa na kunoa visu ni shilingi 26,000 kwa mwezi, na mnafanya kazi siku 26. Basi kitanda cha siku sita kimeshakula 6,000 kabla ya mbao na mishahara. Siku zako mwenyewe pia zilipe kama za fundi mwingine yeyote. Faida inakuja juu ya hayo.

Seremala Matondoni:
Shela ni pwani kabisa, chumvi inakula skrubu za chuma. Tia za shaba. Na muulize kama mgongo wa kabati na droo vinaweza kuwa vya mwembe, bei itashuka. Ila mwembe unapendwa na bungua, wadudu wanaotoboa mbao, utie dawa kabla ya kuunga.

Kijana wa Langoni:
Shukran sana wazee wangu, na wewe Bi. Mbao kavu alizoacha ami zinatosha vitanda viwili tu. Mwenye nyumba anataka vyote kabla ya wageni wa Desemba.

Fundi Mkomani:
Mwambie kweli leo, usingoje Novemba. Vitanda viwili umpe tarehe, viwili na kabati tarehe nyingine, kila fungu na arubuni yake. Mimi ninazo mbao za inchi mbili zilizokauka. Zote sikuuzii, lakini miguu na mbavu za kitanda kimoja zitatoka. Pita baada ya alasiri, uje na mchoro.