Mrejesho: fidla ya babu yenye jina la Stradivarius

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama fidla ya marehemu babu, yenye karatasi ndani iliyoandikwa Stradivarius (jina la Stradivari, fundi wa zamani ambaye fidla zake ni ghali mno), itanipa hela ya kiwanja Kigamboni. Haitanipa. Mlionicheka mlikuwa sahihi.

Fundi wa Kariakoo anayewahudumia watu wa taarabu alimulika tochi ya simu kwenye tundu: kumbe chini ya jina kuna neno dogo, Germany. Stradivari alikuwa wa Cremona, Italia, akafa 1737. Sheria ya Marekani ya 1890 ndiyo iliyotaka bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka, kwa hiyo neno hilo laonyesha hii huenda ni ya baada ya hapo. Mafundi wa Markneukirchen, mji wa Ujerumani, walitoa fidla nyingi mno zenye jina la Stradivarius. Ila haikutengenezwa ovyo: mstari mweusi wa pembeni ni mbao iliyopachikwa, si rangi.

Kosa langu sasa. Ubavuni palipoachia kwa unyevu nilishapaka gundi nyeupe ya mbao. Fundi akasonya. Hutumika gundi inayotokana na ngozi ya wanyama, ambayo hubanduka bila kupasua mbao. Siku mbili alikuwa akikwangua tu! Vanishi hajaigusa.

Mwalimu wa kwaya ametanguliza nusu ya bei. Kwenye risiti nimeandika: ya Kijerumani, nakala.