Naomba ushauri: hamira kwa kondoo wa kunenepesha

Mwanzisha uzi, Isimani (Iringa):
Ndugu wafugaji, nawasalimu. Nina madume manane ya kondoo ninaowanenepesha kwa ajili ya Desemba. Tangu tuvune wanakula mabua ya mahindi, na jioni nawapa pumba na mashudu ya alizeti. Juzi mnunuzi alipiga simu kwamba anakuja mapema, nami kwa tamaa nikazidisha pumba maradufu siku hiyohiyo. Kulipokucha wawili walikuwa wameacha kucheua, wamesimama vichwa chini, na kinyesi chao kimekuwa uji wa kijivu unaonuka uchachu. Jirani ananishauri niwakorogee hamira ya mkate. Je, itawaponya, na je, inawafaa wale sita waliobaki?

Mchangiaji, Uyole:
Pole sana, mkuu. Hao wawili wamezidiwa na asidi tumboni, na hamira haitawaponya. Wanga mwingi ukiingia ghafla, bakteria wa tumbo la kwanza huuchachusha kwa kasi na kutoa asidi ya laktiki; pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ikishuka chini ya 6, wale wanaovunja nyuzinyuzi za mabua hudhoofika, na ikizidi kushuka mnyama mwenyewe huanguka. Ondoa pumba sasa hivi, wape nyasi kavu na maji, na umwite afisa mifugo leo, usingoje kesho.

Kwa wale sita, hamira hai ina kazi yake. Hutumia oksijeni kidogo inayoingia tumboni pamoja na chakula, na kwa kuwa bakteria wa nyuzinyuzi hawaipendi oksijeni, hapo hupata nafasi ya kuzaliana. Vilevile huwachochea bakteria wanaoila asidi ya laktiki. Hata hivyo haiweki makazi tumboni, hivyo hulazimu kutolewa kila siku, na matokeo ya majaribio hayafanani. Hamira ya mkate ni spishi ileile, Saccharomyces cerevisiae, lakini aina zinazouzwa kwa mifugo zimechaguliwa kwa kazi hiyo. Mimi nisingetoa hela yangu kabla ya kurekebisha ulishaji.

Mchangiaji, Mafinga:
Naongezea mawili. Machicha ya komoni, ile pombe ya kienyeji, ni chakula kizuri yakiwa mabichi, ila yakishapitishwa kwenye moto hamira yake imekufa, na kinachobaki ni protini. La pili, ukinunua hamira ya mifugo dukani soma mfuko kwanza, kwa maana nyingine huchanganywa na madini ya ng'ombe yenye shaba, ambayo hurundikana kwenye ini la kondoo hadi kumuua.

Mwanzisha uzi:
Ahsanteni sana. Afisa amefika na kuwatibu. Mmoja ameanza kucheua jioni hii, mwenzake bado amelala. Wale sita niwarudishie pumba kwa kiasi gani?

Mchangiaji, Uyole:
Anza na kiganja kimoja kwa kila dume, wakiwa wameshakula mabua, kisha uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Mnunuzi mwambie asubiri.