Tupeane uzoefu: mliowahi kukaa na vikundi vya kuchunguza UFO na mizimu huko Ucheki, mlikutana na nini?

Wakuu, habari za saa hizi.

Niko Ucheki mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi kiwandani Mladá Boleslav. Ijumaa moja moja jioni nakaa na kikundi cha watu kama kumi na wawili kwenye chumba cha nyuma cha baa. Wenzao chumba cha mbele wanaangalia mpira, wao wanafungua mafaili. Wanachunguza taarifa za UFO, nyumba zenye vishindo, sauti za usiku. Nikiwaeleza wa nyumbani wananiombea dua wakidhani nimeingia kwenye ushirikina, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Najua humu kuna mliosoma au mnaoishi Praha, Brno, Ostrava na kwingineko.

Kwa wasiojua, Wacheki wako mbali sana kwenye mambo haya. Mwaka 1973, Ukomunisti ukiwa bado umeshika, Praha ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa saikotroniki, yaani uchunguzi wa nguvu za akili zisizoelezeka, na Zdeněk Rejdák alikuwa mmoja wa waliousukuma. Hilo neno saikotroniki liliwasaidia: ukisema unachunguza roho serikali ya wakati ule inakukodolea macho, ukisema saikotroniki unasikika kama mhandisi. Baada ya 1989 vilabu vikawa huru, na kinachojulikana zaidi ni Klub psychotroniky a UFO, yaani KPUFO. Upande wa pili wako wenye shaka, klabu ya Sisyfos iliyoanzishwa 1995, ambao hutoa tuzo iitwayo Bludný balvan kwa anayewachanganya watu kwa sayansi ya uongo. Mimi naona hawa wote wanahitajiana. Kikundi chetu ni kidogo, hakina jina kubwa, lakini tuna marafiki pande zote mbili.

Naanza na langu. Aprili 2020, tumefungiwa ndani kwa korona, simu ya mwenyekiti wetu iliita usiku mmoja mara kumi na moja. Watu wa vijiji tofauti, hawajuani, wote wanasema jambo moja: taa zimepita angani kwa mstari, zinafuatana kama siafu, hazina mlio. Mzee mmoja alilia kwenye simu. Alikuwa peke yake shambani, mkewe yuko hospitali, akaamini dunia imefika mwisho.

Fomu yetu ina maswali ambayo nimeyakariri. Saa ngapi kwa dakika? Uliitazama ikitokea upande gani, ikaishilia wapi? Ilikuwa juu ya mstari wa ardhi kwa ngumi ngapi? (Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10 za anga.) Kulikuwa na mawingu? Ulikuwa na nani? Swali la mwisho ndilo lililonifanya niwapende hawa watu: uliogopa?

Yule mzee alijibu yote. Ngumi nne na nusu, kutoka magharibi kwenda mashariki. Binti mmoja wa kikundi akaingiza kwenye programu ya satelaiti, na dakika ikakaa palepale: Starlink, satelaiti za intaneti ambazo wakati ule zilikuwa zinarushwa 60 kwa mpigo. Mwenyekiti akampigia tena usiku uleule, hakungoja asubuhi, kwa sababu alijua mzee hatalala. Nilikuwa nasikiliza kwenye spika. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama kesho zitapita tena, ili amwambie mkewe achungulie dirishani.

Kwa nini wanahangaika hivi na dakika na ngumi? Wanachama wa zamani hupenda kutaja Příbram. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1959 kimondo kikubwa kiliangaza anga ya Ucheki, na kamera za wanaastronomia wa kituo cha Ondřejov zilikuwa wazi, zinangoja. Zdeněk Ceplecha na wenzake wakapiga hesabu kutoka kwenye picha, mawe yakaokotwa, na kwa mara ya kwanza duniani ikajulikana kimondo kilichookotwa kilikuwa kimetokea njia gani angani, huko kwenye ukanda wa asteroidi. Lile lile ambalo shuhuda angeliita moto wa ajabu likapata asili yake kwa sababu kuna watu waliacha kamera wazi usiku kucha.

Tunayo pia bahasha ya njano. Humo zinaingia zile ambazo tumeshindwa. Ziko saba. Haziitwi majini wala viumbe wa sayari nyingine, zinaitwa saba.

Karibuni, tupeane.

Wa_Wete:
Assalaam alaykum. Mimi niko Olomouc, mke wangu ni Mcheki. Kwenye kikundi chao mimi ni yule anayeagiza Kofola, soda ya huku, wenzake wakiagiza bia, na wamezoea, siku hizi naikuta mezani kabla sijakaa.

Niliingia kwa sababu ya mwaka 1995. Waliokuwa Pemba wanajua. Nilikuwa skuli ya msingi wakati habari ya popobawa, kiumbe kinachosemwa huvamia watu usiku, ilipoenea. Tulilala uani, mtaa mzima, wakubwa kwa watoto, moto umekokwa, kisomo kinasomwa. Baba yangu ambaye sijawahi kumwona akiogopa kitu baharini alikuwa ameshika panga usiku kucha. Nimekua na swali hilo: tulikuwa tunaogopa nini hasa? Na kila nikisoma walioandika kutoka nje, naona wametuandika kama watu wa kuchekwa. Iliniuma na bado inaniuma.

Sasa huku, miaka mitatu iliyopita, bibi mmoja wa kijijini Morava akaleta barua kwa kikundi, kaandika kwa mkono. Kitu cheusi kinamkalia kifuani alfajiri, anaona chumba chote, hawezi kuinua hata kidole, hawezi kupiga kelele. Wacheki wa zamani wana jina lake, můra. Nilipoisoma barua mwili ulinisisimka, maana sisi tuna jina letu, jinamizi, na maneno yalikuwa yaleyale.

Tulikwenda wawili. Mwenzangu alibeba kamera ya usiku na kipima joto. Bibi akatukaribisha kwa keki na kahawa, akakataa kamera chumbani kwake, na alikuwa na haki. Nikamwambia, bibi, hata kwetu kisiwani kinakuja. Akaniangalia. "Kwenu pia?" Hapo ndipo akaanza kusema. Nyanya yake alimfundisha kuwa můra akija mwambie aje asubuhi umpe mkate, ataondoka. Alikuwa anamwahidi mkate kila usiku. Na kila asubuhi alikuwa anautenga kweli, kipande kwenye kisahani cha maua ya buluu, pembeni ya dirisha. Nilikiona. Mkate ulikuwa umekauka pembezoni.

Ikaja kubainika kuwa alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akaambiwa asilalie ubavu, na tangu hapo analala chali, hali hiyo ilipoanza. Akili inaamka kabla ya mwili, na wengi hukutwa na hali hii wakiwa chali. Tulimweleza taratibu, tukamsihi amwambie daktari wake. Akapewa mto wa kuweka katikati ya magoti, akaruhusiwa ubavu mmoja. Mwezi uliofuata alituandikia kuwa amelala wiki tatu bila kitu. Mkate kasema anaendelea kuutenga, ndege wameuzoea.

Ningetamani mwaka ule mtu angekuja uani kwetu akae chini, aulize kwa heshima namna ile.

mdau_Plzeň:
Wa_Wete umenitoa machozi ndugu yangu. Mimi nina la swali tu: Houska mmewahi kwenda? Huku kila mtu ananiambia ni mlango wa jehanamu.

FundiUmeme:
Mdau, nimekwenda. Ni ngome ya karne ya 13, kaskazini mwa Praha, juu ya mwamba msituni. Simulizi ni kwamba kanisa dogo la ndani lilijengwa kuziba shimo lisilo na mwisho, na kwamba mfungwa mmoja aliahidiwa msamaha akishushwa humo kwa kamba, akapandishwa nywele zimekuwa nyeupe. Mimi kilichonishika ni mchoro ukutani mle kanisani: kiumbe nusu mwanamke nusu farasi, anavuta upinde kwa mkono wa kushoto. Simama mbele yake dakika tano. Aliyeuchora alikuwa na jambo moyoni.

Lakini la kwangu mwenyewe lilitokea kwenye gofu jingine, dogo, halina hata kiingilio. Tulikwenda wanne kulala na vinasa sauti. Sheria ya kikundi: ukikohoa, unasema kwa sauti "nimekohoa mimi", ukisogeza mguu unasema, ili baadaye kwenye kanda kikohozi kisije kuwa mzimu. Saa nane usiku ikatoka sauti bondeni. Jamani. Mtu mzima anabweka kwa uchungu, kama anaitoa roho, mara tatu, kimya, tena karibu zaidi. Nilishika mkono wa mwenzangu mpaka kesho yake ulikuwa na alama. Tulirekodi kila kitu.

Asubuhi tulimpelekea kanda mlinzi wa msitu. Hakumaliza sekunde kumi. Srnec, akasema, yaani yule paa mdogo wa misitu ya huku, dume. Amewasikia harufu, anawatahadharisha wenzake. Akatuchukua mpaka bondeni akatuonyesha kwato kwenye tope na mti aliousugua pembe mpaka gome likatoka.

Nilisikitika kidogo, sisemi uongo. Ila nimeshika lile somo la kusema "nimekohoa mimi". Hata kazini kwangu kwenye umeme nalitumia: kabla sijatafuta hitilafu kwenye waya, natangaza nilichogusa mwenyewe.

Binti_wa_Moro:
Naomba na mimi niseme, ingawa langu si la vyombo vya kupimia.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alisoma Praha mwishoni mwa miaka ya sitini, Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kile kilichofunguliwa 1961 kwa wanafunzi wa kigeni na kufungwa 1974. Alipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Huyo mama ndiye aliyemsimulia habari za kijiji cha Číhošť, jikoni, redio ikiwa imefunguliwa juu ili jirani asisikie. Baba alituhadithia hivyohivyo, na yeye akipunguza sauti, Morogoro, miaka thelathini baadaye.

Tarehe 11 Desemba 1949, Jumapili ya Majilio, padre Josef Toufar akihubiri, waumini kama ishirini waliona msalaba wa mbao juu ya altare ukiyumba. Yeye hakuona, alikuwa ameupa mgongo. Polisi wa siri wakamkamata Januari 1950, wakataka akiri kuwa aliuchezesha kwa waya. Walimtesa. Wakatengeneza na filamu ya kuonyesha jinsi waya zilivyofungwa. Alikufa tarehe 25 Februari 1950, akazikwa Praha kwenye kaburi la wengi bila jina. Mabaki yake yalitambuliwa, na Julai 2015 akazikwa tena kanisani kwake Číhošť.

Nilikwenda mwaka juzi na wanachama watatu wa kikundi cha Brno. Mmoja wao haamini Mungu kabisa. Hatukupima chochote. Tulisimama mbele ya altare, na yule asiyeamini akasema kwa sauti ya chini kwamba uchunguzi ule ulianza na jibu, kisha wakamtafuta mtu wa kulitamka. Nikaweka ua kwa ajili ya padre na jingine kwa ajili ya yule mama wa jikoni, ambaye hata jina lake baba hakuwahi kututajia.

kijana_Liberec:
Wakuu samahani naingilia. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Jana usiku nimeona mwanga wa rangi ya chungwa juu ya mlima, umekaa, ukazimika. Sijamwambia mtu.

Mwanzisha uzi:
Karibu sana mdogo wangu. Chukua kalamu kabla hujasoma lolote zaidi humu, tusije tukakuchanganya. Saa ngapi kwa dakika? Ulikuwa umesimama wapi, uso umeelekea wapi? Ngumi ngapi juu ya mlima? Ulikaa muda gani, ulisogea? Na uliogopa? Niandikie pembeni, nipo macho.