Nilimpa kipeperushi mama niliyekutana naye melini. Naombeni ushauri kabla sijarudi Bukoba

MamaVitenge_Mza

Shalom wapendwa. Na salamu kwa wote ambao si wa imani yangu, maana hili nataka kusikia hata kutoka kwenu.

Mimi nauza vitenge hapa Mwanza. Kila baada ya wiki tatu hivi napeleka mzigo Bukoba na kurudi na MV Victoria. Niliokoka mwaka 2009, na tangu hapo safari ndizo zimekuwa shamba langu. Kanisani kila mtu ameshasikia Injili. Melini unakaa usiku kucha na mtu asiyekujua, usingizi hauji, maneno yanakuja yenyewe. Wapo wawili niliozungumza nao humo ambao leo tunasali pamoja. Sisemi kwa kujisifu, nataka tu mjue kwamba jambo hili nimelibeba moyoni.

Safari iliyopita, wakati wa kurudi, nilipangwa chumba kimoja na mama mmoja Mhaya, Mwislamu, umri wa mama yangu mzazi. Tuliposimama bandari ya Kemondo walikuwa wanapakia ndizi, makelele ya wapagazi mpaka dirishani, kulala hakuwezekani. Akafungua kibunda kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba, ndani kahawa za kutafuna. Akanihesabia tano kiganjani. Mimi nikatoa chapati zangu, tukala.

Tulipoondoka Kemondo akaanza kunieleza habari za kaka yake. Alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba siku ile ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Mwili haukuonekana. Akasema njia hii anaipita kwa sababu watoto wake wako Mwanza, lakini ikikaribia alfajiri huwa hawezi kufumba jicho, anakaa dirishani mpaka aone taa za mji. Alikuwa anaongea polepole, mkono wake uko juu ya goti langu.

Mimi nikaona mlango umefunguka. Nikafungua mkoba, nikatoa kipeperushi, nikamuuliza kama tunavyofundishwa kuuliza: "Mama, ukifa usiku huu, unakwenda wapi?"

Akanyamaza. Akakipokea, akakikunja mara mbili, akakiweka chini ya chupa ya chai. "Ahsante mwanangu. Ngoja niswali nilale." Akageukia ukutani mpaka kulipokucha.

Nilijua ataondoka bila kuniaga. Kumbe alinisubiri pale chini ya ngazi, akanipa kahawa zilizobaki na namba yake ya simu, akasema, "Ukija Bukoba, fika nyumbani."

Nasafiri tena baada ya wiki mbili. Nimpigie nimwombe radhi? Nikifika kwake nimtaje Yesu au ninyamaze? Na huyu mtu unayekutana naye usiku mmoja tu, na huenda msionane tena hapa duniani, unamshirikishaje imani yako bila kumvunjia heshima? Hilo la kutoonana tena ndilo linalonisukuma kuharakisha. Naomba kuwasilisha.

Mlinzi wa Zamu

Dada, usijute hata kidogo. Ezekieli 3:18 iko wazi: usipomwonya, damu yake itatakwa mkononi mwako. Umepanda mbegu, karatasi anayo. Kazi ya kuotesha si yako. Shetani ndiye anayetaka ujilaumu ili safari ijayo ufunge mdomo.

Kondakta_Ziwa

Nimefanya kazi kwenye mabasi ya Mwanza kwenda Dar miaka 11, kwa hiyo nimewaona wahubiri wa kila aina. Basi likishatoka stendi ya Nyegezi anasimama mmoja katikati, anaomba, anahubiri kwa sauti mpaka mtoto aliyelala anaamka, mwisho anapitisha mkono wa sadaka. Abiria wanatazama dirishani. Kwa miaka yote hiyo sijamwona abiria hata mmoja aliyemfuata mtu wa namna hiyo kituoni kumuuliza zaidi.

Ila namkumbuka dada mmoja, siti ya nyuma. Mwanamke wa pembeni yake alikuwa anatapika tangu Shinyanga na ana mtoto mchanga. Yule dada akampokea mtoto, akambeba mpaka Singida. Khanga yake ililowa, hakuibadilisha. Tuliposimama kula, yule mgonjwa akamuuliza, "Wewe dada unasali wapi?" Nilikuwa nimesimama hapo hapo mlangoni. Wakazungumza mpaka Dodoma, kwa sauti ya chini, na mwenye kuuliza maswali alikuwa yule mgonjwa.

Ushauri wangu: mpigie.

Mwinjilisti_Mstaafu

Mtumishi Mlinzi wa Zamu, andiko la Ezekieli ni kweli na silipingi. Lakini tuangalie aliyehubiri njiani kweli kweli, Filipo, Matendo ya Mitume sura ya 8. Yule Mkushi yuko garini anatoka Yerusalemu, anasoma Isaya. Filipo anakimbia mpaka anakaribia gari, halafu anafanya nini? Anasikiliza. Anasikia mtu anasoma. Neno lake la kwanza ni swali, na linahusu kile ambacho mwenzake amekishika mkononi: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Kisha mwenye gari ndiye anayemsihi apande aketi pamoja naye. Filipo alianzia kwenye andiko lile lile, hakuja na lake.

Sasa dada yangu, yule mama alikuwa "anasoma" mbele yako. Alikuwa anasoma habari za kaka yake. Ungemuuliza: kaka yako alikuwa mtu wa namna gani? Mlikuwa mnaitana vipi? Hapo ungekuwa umepanda garini.

Na kuhusu hofu yako ya kutoonana tena. Mstari wa 39 unasema Roho alimnyakua Filipo, na yule Mkushi towashi hakumwona tena, akaenda zake akifurahi. Hawakuonana tena! Filipo hakubaki kumlea, hakuandika namba, hakujua mwisho wake. Nimehubiri miaka 34 na mstari huo umenipa usingizi mara nyingi. Aliyemleta mama huyo kwenye chumba chako anao wengine wa kumkutanisha nao. Mimi nilipokuwa kijana nilidhani kila niliyekaa naye kwenye lori ni lazima aokoke kabla hajashuka, na nakiri niliwachosha wengi, wengine nikawafunga masikio kabisa.

Bin Rashid wa Kashai

Asalam aleikum. Dada amesema anataka kusikia hata kutoka kwetu, basi nitasema. Mimi ni Mwislamu wa Bukoba mjini.

Kwetu kumtaja Yesu si tusi. Nabii Isa tunamheshimu, na mama yake ana sura nzima kwa jina lake, Surat Maryam. Kwa hiyo nikikaa na Mkristo safarini akaniambia anavyoamini, na mimi nikamwambia ninavyoamini, tunashuka marafiki. Nimefanya hivyo mara nyingi na wala sikuona nimekosewa.

Kilichoumiza hapa nadhani ni mambo mawili. La kwanza, mtu anakutajia maiti ya ndugu yake ambayo haijapatikana, unatakiwa kusema pole. Sisi tungesema Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, tukanyamaza naye. La pili, mtoto hamuulizi mzazi habari za kifo chake, tena juu ya maji, tena yale maji. Hata ungekuwa Mwislamu mwenzake usingemuuliza vile.

Na jambo moja zaidi. Ulimuuliza yeye anakwenda wapi, hukumuuliza anaamini nini. Angekuwa na mengi ya kukujibu.

Ta_Omwani

Ngoja niseme habari ya kahawa, maana naona wengi wameipita. Kwetu Kagera mgeni akiingia ndani, kabla ya maji, kabla ya chakula, unamwekea kahawa za kutafuna. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani, na zamani wazee waliokuwa wanafunga undugu wa damu walikuwa wanagawana punje hizo mbili. Alipokuhesabia kahawa alikuwa amekufanya mtu wa nyumbani. Na asubuhi, baada ya yote, akakupa zilizobaki. Mimi naona amekujibu tayari kuhusu kama amekasirika. Nenda. Usiende mikono mitupu.

Dada_wa_Ruwi

Wapendwa, nawasoma kutoka Muscat, Oman, nafanya kazi za ndani. Huku ibada tunafanya kwenye viwanja vya makanisa, Ruwi na Ghala, ardhi iliyotolewa na Sultani. Wengi wetu tunasali Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Ndani ya viwanja tunaimba kwa uhuru, lakini kumhubiria Mwislamu nje ya hapo sheria hairuhusu, unaweza kurudishwa nyumbani.

Hivyo miaka sita sijampa mtu karatasi. Ila bosi wangu mama aliwahi kuniuliza kwa nini siibi muda anapokuwa hayupo, na kwa nini naimba asubuhi wakati mshahara ulikuwa umechelewa. Nilimjibu kwa sentensi moja, basi. Petro anasema mwe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Nyumbani Tanzania tuna uhuru, Katiba ibara ya 19 inatupa haki ya kutangaza dini, na huenda uhuru huo umetuzoesha kuanza kujibu kabla hatujaulizwa. Mimi huku nimejifunza kungoja.

Mpigie simu dada. Usimwombe radhi kwa kumtaja Yesu. Mwombe radhi kwa kumkatiza.

Mlinzi wa Zamu

Dada wa Ruwi, sentensi yako ya mwisho imeniingia. Msimamo wangu haujabadilika, watu lazima wasikie. Lakini kumkatiza mtu mwenye msiba, hapo nakubali halikuwa sawa.

Igoma_Kijana

Mama Vitenge, mimi nakaa Igoma, hapa hapa Mwanza. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa kwenye ajali ile walizikwa huku, kuna makaburi na mnara, na kila tarehe 21 Mei kuna watu huja kuomba. Bibi yangu huenda kufagia ingawa hana ndugu pale.

Muulize huyo mama kama amewahi kufika. Usimuulize kwa ajili ya kumhubiria. Muulize tu, na kama hajafika, jitolee kwenda naye.

MamaVitenge_Mza

Wapendwa, nimesoma yote, mengine nimeyasoma nikilia. Mwinjilisti, hilo la gari la Mkushi sitalisahau. Bin Rashid, ahsante sana kaka, umesema kweli kwa adabu.

Jana jioni nimempigia. Nilitaka kuanza na maneno niliyoyapanga, akanitangulia: "Wewe ndiye mwanangu wa chapati?" Nikamwambia mama, nimepiga kuomba radhi, ulikuwa unanieleza habari za kaka yako na mimi nikakukatiza. Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Sikuchukia dini yako. Nilikuwa bado sijafika mwisho wa habari, na wewe ukawa unatafuta kitu kwenye mkoba."

Nikamwomba anieleze huo mwisho. Tukazungumza karibu saa nzima, salio likaisha, akanipigia yeye. Kaka yake alikuwa fundi cherehani, alikuwa anakuja Mwanza kununua vitambaa vya sare za shule. Nauli alimkopesha yeye. Hilo ndilo alilokuwa bado hajalisema kule melini.

Nikamuuliza kuhusu Igoma. Hajawahi kufika. Miaka yote hii anashuka bandarini anapita. Nikamwambia mimi nipo Mwanza, akitaka nitakwenda naye, hata nikisimama mbali wakati yeye anaomba dua yake. Akasema, "Hapana, usisimame mbali."

Ameniagiza mchele wa Magu, kilo tano. Nimeshanunua, upo hapa karibu na mzigo wa vitenge. Nikifika nitalala kwake siku moja, kisha tutavuka pamoja.