MJADALA: NHL wamtoe mechi nzima mchezaji anayepigana ngumi, au dakika 5 zinatosha?

Kipande (mleta mada):
Wadau habari zenu. Hili limenikaa rohoni siku nyingi. Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, wachezaji wawili wakitupa glavu chini na kuanza kutwangana, waamuzi wa pembeni wanasimama kuwaangalia mpaka mmoja aanguke, halafu wote wanakaa nje dakika 5 na kurudi kucheza. Olimpiki ukipigana mechi yako imeisha. Ligi ya vijana ya Quebec, Kanada, nao toka 2023 ukipigana unatoka. NHL wanangoja nini? Derek Boogaard alicheza mechi 277 za msimu akafunga magoli 3, matatu tu, kazi yake ilikuwa ngumi, na kwa ngumi hizohizo New York Rangers wakampa mkataba wa miaka 4 mwaka 2010, dola milioni 6.5. Desemba hiyohiyo akapigwa, ubongo ukatikisika, hakucheza tena. Mei 2011 akafa kwa dawa za maumivu zilizochanganyika na pombe, miaka 28 tu. Wakapima ubongo wakakuta CTE, ule ugonjwa wa vichwa vilivyogongwagongwa miaka mingi. Mimi nasema anayepigana atoke mechi nzima, na hawa wababe wasiojua kucheza wasisajiliwe kabisa.

Nondo:
"Wasiojua kucheza"?? Mkuu umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Bob Probert msimu wa 1987-88 pale Detroit alifunga 29 na akakaa nje dakika 398, na akaitwa timu ya nyota msimu huohuo. Magoli 29 hayafungwi na mtu asiyejua kuteleza. Kabla ya kuwatukana watu waliovunja mikono kwa ajili ya wenzao jifunze kwanza.

Kipande:
Probert huyohuyo alifariki 2010 akiwa na miaka 45, na ubongo wake nao ulikutwa na CTE. Asante kwa kunisaidia kujenga hoja.

Nondo:
Alifariki kwa moyo, sio ngumi. Usichanganye mambo.

Bi Staha:
Jamani taratibu, hao ni watoto wa watu. Mimi nitasema la kofia maana hakuna aliyeligusa. 2008 mwezi wa 12 kijana wa miaka 21, Don Sanderson, alikuwa anapigana kwenye ligi moja ya Ontario, kofia ikamtoka kichwani katikati ya vurugu, wakaanguka, kichwa chake kikapiga barafu. Akalala hospitali kama wiki tatu, Januari 2 akafariki. Barafu ni ngumu kama sakafu ya saruji, usione inang'aa ukadhani ni laini. NHL wao 2013 wakaweka adhabu ya dakika 2 kwa anayevua kofia yake ili apigane. Yaani unaadhibiwa kwa kuvua kofia, ngumi yenyewe inabaki sehemu ya mchezo! Hiyo mimi siielewi hata nikielezwa mara kumi.

Mkongwe_77:
Dada nakuheshimu, ila hamjui hoki ilikotoka. Ngumi ndio zilikuwa polisi. Wayne Gretzky pale Edmonton nani angemgusa wakati mbabe wa timu yake, Dave Semenko, yupo benchi anaangalia? Na 1988 alipouzwa Los Angeles alitaka Marty McSorley aende naye. Mfungaji bora wa wakati wake anaomba mlinzi wake, sio golikipa. Hata ile hatriki ya Gordie Howe, nyota wa zamani wa Detroit, yaani goli moja, pasi ya goli moja na ngumi moja, imeitwa jina lake kwa sababu mzee alikuwa anaipata kila wiki.

Refa Mstaafu:
Kila wiki? Howe aliipata mara 2 tu NHL, zote msimu wa 1953-54 na zote dhidi ya Toronto. Mkongwe acha kutulisha hadithi za kijiweni.

Mkongwe_77:
Mara 2 tu? Mtu aliyecheza mpaka miaka 50?

Refa Mstaafu:
52. Msimu wake wa mwisho ni 1979-80 Hartford, mechi zote 80, magoli 15, timu moja na wanawe Mark na Marty. Na hakuishi muda wote huo kwa kupigana, aliishi kwa kiwiko. Ukimsogelea pembeni ya ukuta unakula kiwiko na refa hajaona.

Nondo:
Na kwa nini hakuwa anapigana? Kwa sababu Februari 1959 Madison Square Garden alimshika jezi Lou Fontinato, mbabe wa Rangers, akamvunja pua mpaka picha zikatoka kwenye gazeti la Life. Baada ya hapo nani amfuate? Ngumi za siku moja zilimpa amani ya miaka 20. Kama sheria ya Kipande ingekuwepo angetolewa mechi na wapuuzi wangemwandama mpaka astaafu.

Bi Staha:
Amani yake Howe, pua ya Fontinato.

Mkongwe_77:
Fontinato alijitakia! Na kiwiko sio uchafu, ni akili ya mchezo, nyie mnataka hoki ichezwe na malaika.

Refa Mstaafu:
Kiwiko cha uso ni kosa, nimepuliza filimbi miaka 19 naongea ninachokijua.

Mkongwe_77:
Kwenye barafu au kwenye majani?

Refa Mstaafu:
Kiwiko ni kiwiko. Usinivunjie heshima.

Kipande:
Nimeuliza dakika 5 au mechi nzima, sasa hivi tunapima viwiko vya marehemu. Ligi 2018 ilikubali kulipa kama dola milioni 19 kumaliza kesi ya wachezaji wa zamani zaidi ya 300 kuhusu vichwa vyao, bila kukiri kosa. Gawa hizo pesa uone kila mmoja kapata nini, halafu mniambie ngumi zinamlinda nani. Na neno "wasiojua kucheza" nalifuta, Nondo, lile nilikosea. Ila Boogaard alikuwa kijana aliyekuzwa kwa ajili ya kupigwa na watu wakalipa kiingilio kumtazama, hilo silifuti.

Nondo:
Nimekusikia na nimepoa. Basi tukubaliane hivi, zile ngumi za kupangana, refa akidondosha tu diski (ndio mpira wa hoki) kuanzisha mchezo wababe wawili wanaitana, hao watolewe mechi nzima, sina neno. Lakini anayekimbia kumtetea mwenzake anayeonewa mwachieni dakika zake 5, huyo ana utu.

Refa Mstaafu:
Sawa. Sasa ile ya 1959 ilianza Howe akikwaruzana na Eddie Shack wa Rangers, na Fontinato ndiye aliyekimbia kuja kumtetea Shack. Mwenye utu kwenye picha zako za Life ni yule wa pua.

Mkongwe_77:
Weka ushahidi kuwa ni Shack.